Kiyoyozi cha gari kinakata kwenye foleni: kompresa imekufa au ni klachi yake?

Mtu wa Kimara:

Ndugu wadau, salaam. Ninaomba ushauri wa kitaalamu kabla sijatoa fedha ambayo pengine si lazima itoke. Gari langu ni saluni ya Kijapani ya mwaka 2005, injini ya lita 1.5, na kompresa yake ni ile ya kawaida inayozungushwa na mkanda, yenye klachi ya sumaku kwa mbele. Asubuhi ninapotoka Kimara kiyoyozi hupoza vizuri kabisa, lakini gari likishatembea nusu saa hivi kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, hasa jua likiwa limepanda, hewa hubadilika ghafla na kuwa ya vuguvugu, ingawa taa ya kitufe cha AC inabaki imewaka na feni ya ndani inapuliza kwa nguvu ileile. Nikiliegesha kivulini kwa saa moja au zaidi, baridi hurudi kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote.

Fundi wa kwanza aliongeza gesi juu ya ile iliyokuwemo, na hali haikubadilika. Wa pili alisikiliza injini kidogo, akasema kompresa imechoka na kwamba nitafute nyingine iliyotumika kwa wauza spea. Nilipomuuliza amejuaje, alijibu kwamba ni uzoefu. Sina sababu ya kudharau uzoefu wa mtu, ila bei aliyoitaja si ndogo, na spea iliyotumika ukishaifunga hairudishwi dukani. Ninachotaka kujua ni vipimo gani vinavyotenganisha kompresa iliyokwisha, klachi iliyolika, na hitilafu ya umeme au ya gesi, na kama mtu asiye fundi anaweza kuvifanya akiwa na mita ya umeme ya kawaida.

FundiBaridi, Tanga:

Salaam ndugu. Dalili uliyoieleza, yaani baridi kuwepo gari likiwa halijapata moto na kukata likishapata moto, mara nyingi si dalili ya kompresa kufa. Kompresa iliyolika pistoni au valvu za ndani haichagui saa: hupoza vibaya asubuhi na mchana, na hupoza vibaya zaidi injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha hujitahidi kidogo ukikanyaga mafuta. Ya kwako inafanya kazi kamili, halafu inaacha kabisa. Kitu kinachoacha kabisa na baadaye kikarudi chenyewe kwa kawaida kimekatwa na umeme, au na sumaku.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote, ila kinahitaji ukifanye wakati tatizo lipo, si asubuhi gari likiwa zima. Baridi ikikata, simama mahali salama, acha injini inaunguruma na AC ikiwa imewashwa, fungua boneti na uitazame kompresa kwa mbele. Utaona puli iliyobeba mkanda, na mbele ya puli kuna bamba la mviringo lililofungwa kwenye ekseli ya kompresa kwa boliti ya katikati. Puli huzunguka muda wote injini inapofanya kazi, hata AC ikiwa imezimwa, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika wakasema kompresa inazunguka. Kinachotakiwa kutazamwa ni lile bamba. Koili iliyo nyuma ya puli ikipata umeme huwa sumaku, hulivuta bamba likagandamana na puli, na hapo tu ndipo kompresa yenyewe huzunguka. Angalia mikono, tai na ncha za kanga au shati visiwe karibu na mkanda, na kumbuka kwamba feni ya rejeta huweza kuwaka yenyewe bila taarifa.

Ukikuta bamba linazunguka pamoja na puli na bado hakuna baridi, basi tutazungumza habari za kompresa, gesi na vali ya upanuzi (ile inayoshusha presha ya gesi kabla haijaingia sehemu inayopoza hewa ya ndani), na tutahitaji geji za presha. Ukikuta linashika na kuachia kila baada ya sekunde chache, shuku gesi pungufu kwanza. Ukikuta limesimama kabisa huku puli ikizunguka, chomoa plagi ya waya unaoingia kwenye koili na upime volti upande wa waya unaotoka garini, AC ikiwa bado imewashwa. Kusipokuwa na umeme, huenda koili haina kosa. Rudi nyuma kwenye fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi ya presha na kihisi cha kuling koili, ile sehemu ya ndani ya dashibodi inayopoza hewa. Rilei ni rahisi kuijaribu kwa kuibadilisha na ya honi, mradi namba zake zinafanana. Umeme ukiwepo, volti 13 na zaidi, na bamba bado halishiki, tatizo liko kwenye klachi yenyewe: ama waya wa koili umekatika ndani, ama mwanya kati ya bamba na puli umekuwa mkubwa kuliko nguvu ya sumaku.

Kwa hiyo pima pia ukinzani wa koili. Kwenye mfumo wa volti 12 koili nyingi zikiwa baridi husoma kati ya ohmu 3 na 5. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imegusana ndani, na hiyo kwa kawaida utakuwa umeshaijua kwa sababu fyuzi huungua. Kisha tafuta fila, ule mkusanyiko wa vibamba vyembamba vya kupimia mianya, upime mwanya AC ikiwa imezimwa na injini imezimwa, sehemu tatu kuzunguka bamba. Kwa kompresa nyingi za Kijapani mwanya unaotakiwa ni kati ya milimita 0.35 na 0.65. Tuletee hizo namba.

Mwana wa Likoni:

Mimi niko Mombasa, na ningependa kuongeza jambo ambalo Fundi amelipita haraka. Gari kukata baridi kwenye foleni ni dalili pia ya feni ya kondensa (kile kipozea gesi kilicho mbele ya rejeta) kutofanya kazi, au kondensa yenyewe kuziba. Hewa isipopita kwenye kondensa, gesi haipoi, na presha ya upande wa juu hupanda hadi swichi inakata umeme wa klachi ili mabomba yasipasuke. Magari mengi ya Toyota hukata presha ikifika megapaskali 3.14, takribani psi 455. Swichi hiyohiyo hukata pia presha ikishuka chini ya megapaskali 0.2 hivi, yaani psi 28, ili kompresa isizunguke bila gesi na mafuta. Huku kwetu pwani chumvi ya bahari hula yale mapezi membamba ya alumini mpaka yakawa unga ukiyagusa, na matope na manyoya hujikusanya katikati ya kondensa na rejeta mahali ambapo hayaonekani usipozitenganisha.

Namna ya kutofautisha ni hii. Kama shida ni feni au kondensa, baridi hurudi mara tu gari linapopata mwendo, kwa sababu upepo wa barabarani unafanya kazi ambayo feni imeshindwa. Kama shida ni klachi, gari hata likienda kilomita 80 kwa saa baridi hairudi, mpaka chuma chote kipoe. Ndugu yetu wa Kimara hakusema hutokea nini foleni ikifunguka.

Halafu kuna ile gesi iliyoongezwa bila kupimwa. Gari dogo kama hilo kwa kawaida huchukua kati ya gramu 400 na 600 za R134a, na kiasi chake kamili huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Gesi ikizidi, presha ya juu hupanda kama vile kondensa imeziba. Fundi anayeongeza gesi huku akisikiliza na kugusa bomba kwa kiganja hawezi kujua ameweka kiasi gani, hata awe stadi namna gani. Mzani ndio unaojua.

Mtu wa Kimara:

Ninawashukuru sana. Kwa swali la ndugu wa Likoni: foleni ikifunguka baridi hairudi, hata nikifika Kibaha kwa mwendo wa kutosha. Feni zote mbili za mbele zinafanya kazi na kondensa imeoshwa karibuni.

Jana baridi ilipokata nilisimama na kufungua boneti. Puli ilikuwa inazunguka na bamba la mbele limesimama kabisa. Kwenye plagi kulikuwa na volti 13.6. Ukinzani wa koili asubuhi ulikuwa ohmu 3.7, na mara baada ya kukata, kompresa ikiwa ya moto kiasi cha kutogusika, ulikuwa ohmu 4.6. Mwanya ulisoma milimita 0.9 upande mmoja na 0.8 sehemu nyingine mbili. Jirani yangu anayeshughulika na majokofu alinisaidia kwa geji zake: asubuhi gari likiwa limezimwa, geji zote mbili zilisoma psi 90, lilipowashwa na kiyoyozi kikiwa kinapoza, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, upande wa chini ulikuwa 38 na wa juu 210.

Jirani anaona kwamba koili imekufa kwa kuwa ukinzani wake unabadilika. Aidha, kuna mkwaruzo mdogo unaosikika muda wote injini inapofanya kazi, AC ikiwa imewashwa au imezimwa. Je, huo si mlio wa kompresa?

FundiBaridi, Tanga:

Umefanya kazi nzuri, na namba zako zinasema karibu kila kitu. Nianze na kompresa, maana ndiyo uliyoambiwa uinunue. Psi 38 kwa 210 katika joto la Dar es Salaam ni presha za kompresa inayosukuma ipasavyo. Kompresa iliyokwisha ndani hushindwa kutenganisha pande mbili: upande wa chini hubaki juu na upande wa juu hubaki chini, tuseme 70 kwa 130, na ukiongeza mwendo wa injini sindano hazisogei sana. Ya kwako haiko huko hata kidogo. Mwana wa Likoni alikuwa na hofu ya gesi kuzidi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini kwa presha hizi sioni dalili yake. Hata hivyo siku mfumo utakapofunguliwa kwa sababu nyingine, gesi itolewe yote na irudishwe kwa mzani.

Kuhusu ile psi 90 ya asubuhi, niseme jambo moja kwa sababu nimeona mafundi wakilitumia vibaya. Presha ya gari lililozimwa haikuambii gesi ni kiasi gani. Madhali ndani ya mfumo kuna hata kiasi kidogo cha gesi iliyo katika hali ya kimiminika, presha hufuata joto la mahali: R134a ikiwa nyuzi 28 husoma karibu psi 90, na ikiwa nyuzi 30 husoma karibu 97, iwe ni gramu 200 au gramu 500. Kinachoweza kugunduliwa hapo ni usafi wake. Gari lililolala usiku kucha likisoma juu sana kuliko joto la asubuhi linavyoruhusu, kuna hewa imeingia, au kwenye mtungi hamkuwa na R134a tupu. Ya kwako inalingana na joto, kwa hiyo iko sawa.

Sasa koili. Haijafa. Shaba yoyote ikipata joto huongeza ukinzani, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, na kupanda kutoka ohmu 3.7 hadi 4.6 kunamaanisha koili imefika takriban nyuzi 90, jambo la kawaida kwa kitu kilichokaa ubavuni mwa injini kwenye foleni. Lakini angalia matokeo yake. Kwa volti 13.6, asubuhi koili hupitisha ampia 3.7, na mchana hupitisha ampia 3 tu. Nguvu ya sumaku ya namna hii hupungua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mchana unabakiwa na kama theluthi mbili ya nguvu ya asubuhi. Mwanya mpana nao una hesabu yake, na hiyo ni kali zaidi: ukitoka milimita 0.5 kwenda 0.9, kwa makadirio nguvu ya kulivuta bamba inabaki chini ya theluthi moja. Asubuhi sumaku ina nguvu ya kutosha kuruka huo mwanya. Mchana haina. Ndiyo maana bamba linaposhika gari likiwa halijapata moto huendelea kushika, kwa kuwa likishagandamana mwanya haupo tena, lakini mara tu mfumo unapolikatisha kwa muda mfupi, kama kawaida yake kuling koili ikishapoa vya kutosha, halirudi tena.

Katika baadhi ya Toyota kompresa huwa na kihisi cha mzunguko. Kompyuta ikiona kasi ya kompresa hailingani na ya injini hukata klachi na kuifanya taa ya AC ipepese. Taa yako haipepesi, kwa hiyo ama huna kihisi hicho ama hakijahusika. Ninalitaja kwa ajili ya wengine watakaosoma, kwa sababu kupepesa kwa taa huchukuliwa mara kwa mara kuwa ni tatizo la gesi.

Tiba ni ndogo na gesi haifunguliwi. Ondoa boliti ya katikati huku bamba likiwa limezuiwa lisizunguke, kisha livute taratibu litoke kwenye ekseli. Nyuma yake, kwenye ncha ya ekseli, utakuta washa nyembamba moja au zaidi, ambazo kazi yake pekee ni kuweka mwanya. Toa moja, rudisha bamba, kaza, upime tena. Lenga milimita 0.5 na usishuke chini ya 0.35, kwani bamba litakwaruza puli hata likiwa limeachiwa, nalo likikwaruza hupata moto na kuiunguza koili. Kabla ya kurudisha, tazama nyuso mbili zinazogusana. Zikiwa na mikwaruzo midogo si neno, zipige msasa na uzifute. Zikiwa na rangi ya buluu ya kuungua au mifereji inayoshika ukucha, nunua klachi kamili, ambayo huuzwa peke yake bila kompresa, ingawa muuzaji anaweza kukuambia haiuzwi hivyo. Tofauti ya 0.9 na 0.8 ni ndogo, lakini hakikisha bamba halijapinda.

Mkwaruzo unaosikika AC ikiwa imewashwa au imezimwa si wa kompresa, kwa kuwa kompresa ikiwa haijashikwa ndani yake hakuna kinachozunguka. Kinachozunguka muda wote ni puli juu ya beringi yake. Ili uwe na hakika kwamba si beringi ya jenereta au ya kirekebisha mkanda, ondoa mkanda, zungusha kila puli kwa mkono, na usikilize.

Dada wa Aqua:

Samahani kwa kuingilia, kaka Fundi. Mimi natumia Toyota Aqua na hewa yake imeanza kuwa ya vuguvugu. Nilifungua boneti nikatafuta hilo bamba nisilione. Je, maelezo haya yananihusu?

FundiBaridi, Tanga:

Hapana, dada yangu, na tafadhali usijaribu. Gari lako ni haibridi na kompresa yake huendeshwa na mota ya umeme iliyo ndani yake, bila mkanda wala klachi, kwa umeme wa volti nyingi unaopita kwenye nyaya za rangi ya machungwa. Umeme huo huua. Fundi utakayempelekea awe na mafunzo ya haibridi na chombo cha kusoma kompyuta ya gari. Muulize pia anatumia mafuta gani ya kompresa, kwa maana zile za umeme hutumia mafuta ya aina ya POE, yale Toyota wanayoyaita ND-11, na mafuta ya kawaida ya PAG yakichanganyika humo hupunguza kinga ya umeme ya mota mpaka gari likakataa kuwasha mfumo. Hata geji na mipira iliyotumika kwenye magari mengine huweza kubeba mabaki hayo.

Wenye magari ya Ulaya kama Volkswagen Golf nao wajue kwamba mengi yana kompresa ya mkanda isiyo na klachi. Bamba lake huzunguka daima, na kiasi cha gesi inayosukumwa huamuliwa na vali ndogo ya umeme iliyo nyuma. Huko bamba kuzunguka hakuthibitishi kitu. Geji na chombo cha kusoma kompyuta ndivyo vinavyosema.

Mzee wa Spea:

Kwa wale ambao kipimo kitawaonyesha kwamba kompresa kweli imekwisha, hasa iliyokwama, ninaongeza neno moja kutoka upande wa dukani. Kabla ya kununua, mwombe fundi amimine mafuta kidogo kutoka kwenye ile ya zamani juu ya karatasi nyeupe. Yakiwa meusi na yana vumbi linalometameta, ni chembe za alumini, na chembe hizo zimeshasambaa. Kondensa za siku hizi zina vijia vyembamba sana ambavyo havisafishiki kwa uhakika, kwa hiyo badilisha kondensa na draya (kichujio kinachonyonya unyevu) pamoja na kompresa, safisha mabomba, na angalia vali ya upanuzi. Wateja wengi hurudi kunilaumu kwamba niliwauzia kompresa mbovu, kumbe kompresa ilimeza chembe za mwenzake. Na ile iliyotumika, izungushe ekseli kwa mkono kabla ya kulipa: iwe nzito kiasi lakini isikwame mahali, na matundu yake yawe yamezibwa, si wazi yakinyonya unyevu rafuni.

Mtu wa Kimara:

Wakuu, nimetoa washa moja na mwanya sasa ni milimita 0.5 sehemu zote tatu. Nyuso zilikuwa na mikwaruzo ya kawaida tu. Tangu hapo nimepita foleni ya mchana mara kadhaa, na baridi haijakata. Nilipoondoa mkanda, puli ya kompresa ilikwaruza nilipoizungusha kwa mkono, na nyingine zote zilikuwa laini. Je, beringi hiyo inabadilishwa bila kutoa gesi, na kuna la kuzingatia?

FundiBaridi, Tanga:

Inabadilishwa bila kutoa gesi, mradi nafasi ya mkono ipo; kama haipo, kompresa hufunguliwa boliti zake na kusogezwa mbele huku mabomba yakiwa yameunganishwa. Bamba likishatoka, kuna pete ya chuma inayoizuia puli. Itoe kwa koleo lake, kisha vuta puli kwa pula yenye miguu. Nyundo isitumike hapo kabisa, kwa sababu shingo ya alumini inayobeba puli hupasuka, na mshtuko huharibu sili ya ekseli, gesi ikaanza kuvuja kidogo kidogo bila kuonekana. Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake, nawe nunua kwa namba hiyo, si kwa jina la gari. Wakati wa kuingiza mpya, isukume kwa kugandamiza ule mduara wake wa nje kwenye puli, na ukishamaliza kufunga pima mwanya upya, maana puli huweza kukaa mbele au nyuma kidogo kuliko ilivyokuwa.